Sikio Nalo ni Mizani

Mtoto wa Pwani akijaaliwa sauti nzuri, sote tunajua la kufanya. Tutamweka mbele kwenye maulidi, tutampa qaswida asome, na msikitini ataombwa aadhini. Huo ni mwanzo mwema, wala sina neno nao. Neno langu liko katika lile tunalolisema baadaye, mtoto akifikia umri wa kuchagua masomo: "Huyu si mtu wa hesabu, huyu ni mtu wa sauti." Nimelisema hilo mimi mwenyewe, tena nimelisema kwa mwanangu wa kumzaa. Leo nalikanusha mbele yenu, wasomaji wangu, kwani nimesafiri mbali nikajua jinsi nilivyokosa.

Kisa ni hiki. Likizo ya Disemba 2025 nilifunga safari mimi na kitinda mimba wangu kwenda kumzuru mpwa wangu, mtoto wa dada, ambaye ni mwalimu wa fizikia huko Roret, katika nchi ya majani chai ya Kericho. Kijana wangu alikuwa amemaliza gredi ya 9, akingojea kuingia gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, yeye na wenziwe wakiwa wa kwanza kabisa kuifikia katika mtaala huu mpya. Hapo njia zimegawanywa tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Mimi nilikwisha amua. Mtoto ana sikio lisilo na mfano mtaani kwetu, basi njia yake ni ya sanaa. Yeye mwenyewe alitaka injini. Hatukugombana, lakini ndani ya gari moshi kutoka Mombasa hadi Nairobi hatukuzungumza sana.

Roret ni nchi ya vilima vilivyofunikwa chai, kijani mpaka macho yachoke. Asubuhi kuna baridi ya kumfanya mtu wa Mombasa avae koti juu ya kanzu, na alasiri aghalabu hunyesha. Wenyeji ni Wakipsigis, watu wapole wa kukaribisha wageni, nao hawakukubali tunywe chai kikombe kimoja tu.

Siku ya pili mpwa wangu alitupeleka kwenye uwanja wa mpira. Tulimkuta mzee mmoja, fundi mstaafu aliyetumia umri wake kutengeneza mitambo, akiinamia kindege cha mbao nyepesi, mabawa yake urefu wa mkono wangu na nusu. Kilikuwa kindege cha kweli, chenye injini ndogo kama ngumi ya mtoto na rafadha ya mabapa mawili mbele, kikiongozwa kwa redio kutoka mkononi. Mafuta yake ni spiriti ya methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika. Kilipowashwa tu, harufu ile ilinirudisha utotoni, nilipokuwa nikishikwa pua ninyweshwe mbarika ya kusafisha tumbo! Mzee alikuwa na karatasi zake za ruhusa, kwani hapa Kenya, tangu kanuni za mwaka 2020, vyombo virukavyo bila rubani viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wala havirushwi kiholela.

Kindege kilipaa, kikazunguka juu ya michai, kikaja kikatupita juu ya vichwa kwa mlio wa nyigu aliyekasirika. Vijana waliojazana pale wakaanza kubishana. Mmoja akaapa kuwa kinakwenda kilomita 200 kwa saa. Mwingine akasema 80, hata bodaboda itakifukuza. Nami, kwa kujifanya mjuzi, nikasema: "Mbona Mzee anapunguza moto kila kikitupita? Hamsikii mlio unavyoshuka?"

Mzee alicheka. "Bwana Sheikh," akasema, "mkono wangu sikuusogeza hata kidogo. Injini ni ile ile. Kilichobadilika ni kile kinachofika sikioni mwako."

Mpwa wangu naye akadakia, "Mjomba, katika kushuka huko ndimo mwendo ulimojificha. Tukijua umeshuka kiasi gani, tutajua kindege kinakwenda mbio kiasi gani, na injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, bila ya kukigusa."

Hapa, msomaji, nivumilie nieleze, maana jambo lenyewe ni jepesi kuliko linavyoonekana. Sauti ni mawimbi. Chombo kikija huku kinalia, kila wimbi hutolewa karibu nawe zaidi kuliko lililotangulia, mawimbi yakabanana, na sikio likasikia sauti nyembamba. Kikikupa mgongo, mawimbi huachana, na sauti ikawa nene. Aliyeyaandika haya ni Christian Doppler, mzaliwa wa Salzburg, mwaka 1842 alipokuwa akifundisha Prague. Yeye alikuwa akifikiria mwanga wa nyota, lakini sauti hufuata mwendo huo huo.

Sasa, kupima. Mpwa wangu alitoa simu inayoweza kutoa sauti ya mitetemo yoyote uitakayo kwa sekunde. Akamwambia kijana wangu: "Wewe una sikio. Sikiliza kinapokuja kikiwa bado mbali, uiimbe sauti hiyo. Kisha sikiliza kikishakwenda mbali, uiimbe na hiyo. Kinapopita juu ya kichwa usishughulike nacho, kwani hapo sauti inateleza." Kindege kikaja, kikapita. Kijana alifumba macho, akaimba ya kwanza, akaimba ya pili, huku mpwa wangu akipandisha na kushusha sauti ya simu mpaka zikalingana. Ya kuja ilikuwa mitetemo 220 kwa sekunde, ya kuondoka 180.

Hesabu yake ni hii. Chukua tofauti ya hizo mbili, yaani 40. Igawe kwa jumla yake, yaani 400. Utapata sehemu moja ya kumi. Basi kindege kinakwenda sehemu moja ya kumi ya mwendo wa sauti yenyewe. Na mwendo wa sauti hutegemea joto la hewa. Asubuhi ile ya nyuzi 18 ulikuwa kama mita 342 kwa sekunde. Huku kwetu Mombasa, joto likiwa nyuzi 28, hufika kama mita 348. (Naam, sauti ya mtu wa Pwani hukimbia zaidi kuliko ya mtu wa bara, na hili si la kujisifu, ni joto tu!) Kwa hiyo kindege kilikuwa na mwendo wa mita 34 na nukta mbili kwa sekunde, yaani kilomita 123 kwa saa. Aliyeapa 200 alikosa, na aliyesema 80 alikosa.

Mizunguko ya injini nayo ina hesabu yake, na mtego wake. Mtu mwenye haraka atachukua 220 na 180, atasema katikati ni 200. Sivyo, kwani kubanana kwa mawimbi na kuachana kwake si sawa sawa. Zidisha 220 kwa 180, kisha mara mbili, kisha ugawe kwa 400. Utapata 198. Injini ya namna ile hulipuka mara moja katika kila mzunguko, basi inazunguka mara 198 kwa sekunde, ambazo ni 11,880 kwa dakika. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa kipimo chake cha mkononi, kindege kikiwa kimefungwa chini, alikuwa amepata 11,000. Alijua siku zote kuwa angani hupanda, kwani rafadha ikipokea hewa inayoijia, mzigo wake hupungua. Lakini kipimo chake hakiwezi kupanda nacho angani. Sikio limeweza.

Kisha wakakirusha kwa kukirudisha kule kilikotoka. Safari hii kijana alipata 217 na 182. Mwendo ukatoka kilomita 108, lakini mizunguko ikabaki ile ile 198 kwa sekunde. Nikadhani hesabu imeharibika. Kumbe ni upepo! Mara ya kwanza ulikuwa ukikisukuma, mara ya pili ukikizuia. Ukichukua kati ya mbili hizo unapata kilomita 115 na ushei, ambao ndio mwendo wake katika hewa tulivu. Nahodha yeyote wa jahazi angelielewa hilo kabla ya mwalimu kumaliza kulisema.

Mpwa wangu alikuwa ameyarekodi yote. Jioni, mvua ikigonga bati, aliyachunguza kwa programu ya simu. Ziko nyingi, na moja ya bure inaitwa phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Kwa mpito ule wa kwanza simu ilitoa 221 na 180. Kijana wangu, kwa sikio tupu, alitofautiana nayo mtetemo mmoja, ambao katika mwendo haufiki kilomita tatu kwa saa. Na lau tungetumia saa na vigingi viwili vilivyoachana mita 100? Mpito mzima ungechukua chini ya sekunde tatu, na kidole kikichelewa thuluthi moja tu ya sekunde, ungekosea zaidi ya kilomita kumi. Kwa hiyo mtu wa sauti aliwashinda wenye saa.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nilipokuwa mtoto wa kama miaka 11, nilisimama karibu na reli nikagundua kuwa honi ya gari moshi hushuka inapokupita. Nikauliza darasani ni kwa nini. Mwalimu akajibu kuwa dereva ameiachia honi, na kwamba watoto wa chuoni tusishughulike na mambo ya mitambo, hayo yana watu wake wenye vyombo vyao. Darasa likacheka. Nikakaa kitako, na tangu siku hiyo sikuuliza tena swali la sayansi. Nimekuwa mshairi, alhamdulillahi, sijutii. Lakini kule Roret niliona aibu kwa kuwa, baada ya miaka arubaini na kitu, nilikuwa bado naamini jibu lile lile. Nilimwambia Mzee kuwa anapunguza moto, kama nilivyoambiwa mimi kuwa dereva ameachia honi. Na lililo kubwa zaidi, nilikuwa nataka kumkalisha mwanangu kitako kama nilivyokalishwa mimi.

Nani aliyetuambia kuwa sikio na hesabu ni maadui? Si wazee wetu wa elimu. Khalil bin Ahmad al-Farahidi, aliyeishi karne ya 8 huko Basra na ambaye asili yake yanasibishwa na Oman, ndiye aliyeweka ilimu ya aruda, yaani mizani ya mashairi ya Kiarabu. Inasimuliwa kuwa alipita sokoni kwa wafua shaba, akasikia nyundo zikigonga kwa zamu, akatambua kuwa shairi nalo lina mapigo yanayohesabika. Akayahesabu, akayapanga bahari 15. Ni huyo huyo aliyeanzisha kamusi ya Kitabu cha Ayn, akazipanga herufi kufuata mahali zinapotokea kooni na mdomoni, akianza na ile ya ndani kabisa. Mtoto wetu wa madrasa anayefunzwa makhraji, anayefunzwa kuvuta madda kwa harakati mbili, nne au sita, anafanya nini kama si kupima? Ni vile tu hakuna aliyemwambia kuwa hicho ni kipimo.

Na Wazungu nao, walipotaka kuhakikisha maneno ya Doppler, hawakuwa na simu wala chombo. Mwaka 1845 mwanachuoni wa Kiholanzi, Buys Ballot, aliwapandisha wapiga tarumbeta katika gari moshi karibu na Utrecht, na kando ya reli akawasimamisha wanamuziki wenye masikio makali, waseme sauti imepanda au imeshuka kwa kiasi gani. Jaribio la kwanza, mwezi wa Februari, liliharibiwa na baridi na theluji. Wakarudia Juni, wakafaulu. Yaani sayansi hii, siku ilipohitaji shahidi, ilikwenda kuwaita watu wa sauti.

Sasa tuje kwetu. Katika kinanda, kutoka kitufe kimoja hadi kinachokifuata ni nusu sauti. Nikimwomba mpwa wangu anipigie hesabu, aliniambia kuwa mlio wa chombo ukishuka nusu sauti moja kati ya kuja na kuondoka, chombo hicho kinakwenda kama kilomita 36 kwa saa. Lakini taarabu yetu ya asili, ya vikundi kama Ikhwani Safaa cha Unguja kilichoanzishwa mwaka 1905, hupigwa kwa udi na kanuni katika makamu kama Rasti na Bayati, na humo mna robo ya sauti, ambayo kinanda hakinayo. Robo ya sauti ni kilomita 18 kwa saa. Mpigaji udi aliyelelewa katika makamu hizo anabeba sikioni kipimo cha mwendo chenye alama ndogo kuliko za kinanda, na amekibeba maisha yake yote bila ya kujua kuwa anacho.

Najua watakaosema kuwa haya ni mchezo wa vindege, anasa ya watu wa bara. Nawajibu hivi. Mama mjamzito akienda kliniki akasikilizishwa moyo wa mwanawe unavyogonga, mara nyingi chombo kile hutumia siri hiyo hiyo: mawimbi ya sauti yasiyosikika hupelekwa tumboni, nayo hurudi yamebadilishwa na mwendo wa moyo na damu. Kadhalika rada ya askari wa barabarani, ila hiyo hutumia mawimbi ya redio. Hata bila rada, mtoto aliyesimama salama barazani mbali na barabara anaweza kujua kitu. Matatu kwa sheria yetu lisizidi kilomita 80 kwa saa. Likija katika mwendo huo huku dereva ameishika honi ya mitetemo 400, honi hiyo itasikika kama 427 ikija, na kama 376 ikiondoka. Hiyo ni sauti nzima moja na kitu kidogo juu yake. Ikishuka zaidi ya hapo, dereva amevunja sheria, na mtoto wa madrasa amemjua. Katika nchi ambayo barabara zake zinaua kama zetu, huo si mchezo.

Wengine watasema: kama simu inapima, sikio la nini? Nami nasema simu huweza kudanganyika. Rafadha ya mabapa mawili hukata hewa mara mbili kwa kila mzunguko, ikatoa sauti ya juu iliyo maradufu ya ile ya injini. Simu ikiikamata hiyo, itakuambia injini inazunguka mara 23,760, na asiye na sikio atakubali. Mwenye sikio atajua hapo hapo kuwa hiyo ni sauti ile ile kwa juu yake. Lakini nami nisizidishe: sikio lisilo na hesabu pia hudanganyika, na ushahidi ni mimi mwenyewe niliyesikia vizuri nikafasiri vibaya. Vinahitajiana.

Basi ninayoyaomba ni matatu. Kwa walimu wa shule, msingoje maabara. Watoeni watoto nje na simu moja, wasikie kwanza, ndipo muwaandikie kanuni ubaoni. Kwa walimu wa madrasa, mwambieni mtoto anayehesabu madda kuwa anafanya kazi aliyoifanya Khalil. Na kwa wazazi wenzangu, sauti nzuri ya mtoto isiwe sababu ya kumfungia mlango wa sayansi. Anayetaka sanaa na aende sanaa kwa heshima zote, lakini aende kwa kupenda, asiende kwa kufukuzwa.

Tuliporudi, gari moshi lilipokuwa likishuka kuelekea Voi, kijana aliniuliza: "Baba, umeamuaje?" Nikamwambia achague mwenyewe, na akichagua injini asiache qaswida, maana huko injini zitakuja kumwomba sikio lake. Leo yuko katika mkondo wa sayansi, na Alhamisi usiku bado anasoma pamoja na wenzake. Nami, kwa kuwa hesabu zangu zimeishia Roret, nimebakiwa na beti moja:

Sikio nalo mizani, lipimalo kila mwendo,
Lilosikia angani, lihesabu kwa vitendo,
Elimu ya madrasani, isitupwe tena kando,
Khalili kule sokoni, alijifunza kwa nyundo.

Wabillahi tawfiq.